Kabla ya Kuilaumu Feni

Maneno mawili yanasikika kila siku kwenye gereji za vichochoroni Dar es Salaam: "Funga dairekti." Gari limechemsha kwenye foleni, feni ya rejeta imegoma, mwenye gari ana haraka. Fundi anairuka swichi ya joto, anavuta waya mpya kutoka kwenye swichi ya ufunguo, na tangu hapo feni inazunguka kila injini inapowashwa, liwe jua la Februari au mvua ya alfajiri. Kazi ya dakika chache. Mwenye gari anaondoka ameridhika, na swali la kwa nini feni iligoma linaachwa pale chini pamoja na vipande vya waya.

Bado yupo mzee mmoja Ilala asiyefunga dairekti. Ni fundi umeme wa magari, anafanyia kazi chini ya mwarobaini, na kifaa chake kikuu cha kupimia ni balbu ya taa ya nyuma iliyounganishwa nyaya mbili. Nilikuwa nimekaa kwenye benchi lake alipofika kijana wa teksi na Corolla ya miaka ya tisini, boneti likifuka mvuke.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Inasemaje?"

"Mota ya feni imekufa. Nishaambiwa huko. Nifungie dairekti tu, niwahi abiria."

"Nani kaiona ikifa?"

Kijana hakuwa na jibu. Mzee akamuuliza jingine: gari linachemsha likiwa kwenye foleni au likiwa mbioni? Swali hilo peke yake ni nusu ya ufundi. Gari likienda kasi, upepo wa barabarani huifanya kazi ya feni; likisimama, hakuna wa kuipoza rejeta isipokuwa feni. Linalochemsha kwenye foleni tu na kupoa likipata barabara, shuku feni. Linalochemsha hata mbioni, tafuta kwingine: rejeta iliyoziba, pampu iliyochoka, maji yaliyopungua. Kijana akasema lilianza kwenye foleni, lakini wiki hii hata likitembea mshale unapanda. Mzee akaitikia kwa kichwa, asiseme kitu.

Akafungua swichi bila kuwasha injini, akainama, akachomoa soketi ya swichi ya joto chini ya rejeta. Feni ikavuma.

Mtazamaji angedhani ni kiini macho. Katika Toyota nyingi za zama hizo, swichi hiyo huunganisha njia ya umeme wakati wa baridi na kuikata maji yakipata moto. Ukiichomoa, gari linadhani limechemka na kuiita feni. Yapo magari, hasa ya Ulaya, yenye tabia ya kinyume: hayo hutaka nyaya mbili za soketi ziunganishwe ndipo feni izunguke. Asiyejua lipi la kukatwa na lipi la kuunganishwa atamnunulisha mteja mota bure. Mzee alijua, na kwa tendo hilo moja alikuwa ameshapima fyuzi, rilei, kaboni za mota na ethi, vyote kwa pamoja, bila kufungua hata skrubu.

"Mota haijafa," akasema. "Haijaitwa."

Kilichofuata ndicho ninachotamani kila mwenye gari angekiona, ingawa kwa macho ya mtu mwenye haraka hakikuwa kitu. Mzee alirudisha soketi, akawasha injini, akakaa juu ya kreti la soda na kusubiri. Hakushika spana. Hakupiga simu. Mara kwa mara alinyanyuka kugusa mpira wa juu wa rejeta, kisha wa chini, kisha uso wa rejeta yenyewe, kama mama apimaye homa ya mwanawe kwa mgongo wa kiganja. Alikuwa akifuatilia safari ya maji. Injini ikipata moto, maji yanapaswa kutoka juu, kuingia kwenye rejeta, kushuka yakipoa, na kurudi injini kwa chini. Yakifika kwenye swichi yakiwa na moto wa kutosha, feni huitwa. Vidole vilikuwa vinauliza: mmefika wapi?

Havikupata jibu. Mshale ulipanda, kichwa cha injini kikatoa joto la kuchoma uso, lakini rejeta ilikuwa ya uvuguvugu juu na ya baridi chini. Injini inaungua, na pale mbele yake rejeta haina habari. Mzee akazima.

"Si tuongeze maji, mzee?"

"Ikiwa na moto hivi? Mvuke hauna undugu na mtu. Kaa."

Tukakaa. Kijana alitazama simu yake, akatazama barabara, akatazama tena simu. Kusubiri injini ipoe ni sehemu ya kazi, na ndiyo sehemu ambayo hakuna anayeilipia. Ilipopoa, mzee alifungua kifuniko cha rejeta kwa kitambaa, akachungulia. Maji hayakuonekana. Akakigeuza kifuniko na kumwonyesha kijana mpira wake wa ndani: umekauka, umepasuka kwa upande mmoja.

Hapo ndipo ugonjwa ulipokuwa. Kifuniko cha rejeta kina kazi kubwa kuliko kuzuia maji yasimwagike. Kinayabana, na maji yaliyobanwa hustahimili joto la nyuzi 120 hivi kabla ya kuchemka. Kikilegea, yatachemka kwenye nyuzi 100 hapa pwani, na mtu akipanda na gari hadi Mbeya yatachemka kwenye 94 hivi, kwa sababu ya mwinuko. Kwa hiyo maji yalikuwa yakitoroka kidogo kidogo kila foleni, hadi yakapungua kiasi cha kukata mzunguko. Maji ya moto hayakushuka tena kwenye swichi, nayo swichi ikaendelea kutoa taarifa ya kweli kabisa: huku chini ni baridi. Feni ilikuwa nzima. Kufunga dairekti kungeipepea rejeta isiyo na maji hadi kichwa cha silinda kipinde na gasketi iungue. Mficha maradhi kifo humuumbua, na ufundi wetu wa siku hizi ni wa kuficha maradhi.

Mafundi wa rika lake walifundishwa na magari yasiyobembeleza. Feni ya Land Rover na ya lori la Bedford ilikuwa ikivutwa na mkanda tu, haina swichi wala rilei, na dereva aliyeacha mkanda ulegee aliyajutia mapuuza yake mlimani. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao Novemba 1965, mafuta ya Zambia hayakuweza tena kupita kwao, yakawa yanapita barabara yetu ya kusini, enzi hizo bado ya udongo, na malori yaliyopanda Kitonga yakiwa yameshiba mzigo yaliwafundisha watu kuuheshimu mshale wa joto. Kulikuwa pia na Peugeot 404, ile ambayo Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, alishinda nayo Safari Rally mwaka 1966 na 1967. Feni yake ilishikwa na sumaku ya umeme: injini ikiwa baridi feni huachiwa, ikipata moto hunaswa. Wazee bado wanaitaja feni ile kwa mapenzi, maana iliwalazimisha makenika kujifunza umeme na mafundi umeme kujifunza maji.

Halafu kuna ile ya Land Cruiser, yenye kidumu cha mafuta mazito ya silikoni katikati, hulegea ikiwa baridi na kushika pale hewa ya rejeta inapopata moto. Utotoni niliwaona watu wazima wakiipima kwa gazeti. Injini ikishapata moto, fundi anakunja gazeti la Uhuru likawa rungu la karatasi, anawaambia watoto warudi nyuma, anaigusisha feni ncha yake. Ikisimama kirahisi, kidumu kimechoka. Ikilichana gazeti, salama. Vipande vya habari vinaruka uani, na sisi tunavikimbilia. Sikumbuki hata habari moja, lakini nakumbuka uso wa fundi akisikiliza: hakuwa akitazama gazeti, alikuwa akisikiliza mlio wa feni unavyobadilika.

Injini zilipogeuzwa zikalazwa kwa upana wa gari, mkanda haukuweza tena kuifikia feni, na umeme ukaichukua kazi hiyo. Sasa kompyuta ndiyo inayoamua feni ianze lini na kwa kasi gani. Sina ugomvi na mashine ya kusomea makosa. Mzee mwenyewe humwita kijana wa jirani aje nayo. Lakini mashine husoma kile ambacho gari limekiri. Haitaona mpira wa kifuniko uliopasuka, wala ethi iliyoota kutu chini ya betri, wala mota ambayo kaboni zake zimekwisha na huzunguka tu ukiigonga kwa mpini wa bisibisi. Hayo yanataka mtu. Na sisi tunazidi kuviondoa vile vinavyomsaidia mtu huyo kujua: thermostati tunaitoa na kuitupa, kulanti tunaiona anasa na kujaza maji ya bomba yenye chumvi, swichi ya joto tunairuka. Kila kinachoweza kusema "naumwa" tunakiziba mdomo, kisha injini ikifa tunalaani magari ya mtumba.

Kifuniko kipya kiliuzwa duka la pili. Mzee akajaza maji, akatoa hewa, akawasha, akakaa tena kwenye kreti. Baada ya muda feni iliwaka yenyewe, ikapoza, ikazima. Akasubiri iwake mara ya pili ndipo akasimama. Alipotaja ujira wake, kijana aliruka.

"Mzee, si umebadilisha kifuniko tu!"

Wakabishana, mzee akakubali nusu. Jioni alinieleza kwamba wanafunzi wake wawili wameshaondoka, wote sasa wanafunga dairekti karibu na stendi, na wanapata zaidi yake. Hakuwalaumu. Mteja hulipia anachokiona: waya mpya, mota kutoka kwenye boksi, jasho. Saa nzima ya mtu kukaa kimya akiitazama injini anaiona ni uvivu, na hailipii. Tunawalaumu mafundi kwa ubabaishaji, ilhali sisi wateja ndio tulioupandisha bei ubabaishaji huo. Mzee huyu akishafunga sanduku lake, Ilala haitakosa mafundi wala feni. Itakosa wa kuuliza nani kaiona ikifa.