Lagangabilili kwa Times New Roman

Andika Lagangabilili, makao makuu ya Wilaya ya Itilima mkoani Simiyu, kwa fonti ya Arial. Mwisho wa jina unakuwa safu ya vijiti. Andika na Itilima yenyewe: I kubwa inayoanza jina haitofautiani na l ndogo. Rudia kwa Times New Roman, utata unaondoka. I kubwa ina vijiguu kulia na kushoto, juu na chini. L ndogo ina kimoja tu juu, kimeinamia kushoto. Wachapaji huviita serifu, na kwa majina ya Simiyu vina kazi kubwa.

Times New Roman ilichorwa kwa ajili ya gazeti. Mwaka 1929 Stanley Morison, mshauri wa kampuni ya Monotype, alikosoa uchapaji wa The Times la London. Gazeti likamkabidhi kazi ya kuurekebisha. Michoro ilifanywa na Victor Lardent wa idara ya matangazo ya gazeti hilo, akiegemea Plantin, fonti ya awali ya Monotype. Fonti mpya ilianza kusomwa gazetini tarehe 3 Oktoba 1932.

Walitaka maneno mengi yaingie kwenye safu nyembamba bila msomaji kukodoa macho. Kwanza, herufi zilibanwa upana. Pili, kimo cha a, n na o kiliongezwa, huku shingo za b na d na mikia ya g na p ikifupishwa. Tatu, mistari myembamba ilichongwa ikawa myembamba zaidi kando ya ile minene. Hili la tatu liliwezekana kwa kuwa The Times lilitumia karatasi bora kuliko magazeti mengi.

Barua inayochapwa Bariadi, mji wa Simiyu, haina bahati hiyo. Fonti ilikuja na Windows 3.1 mwaka 1992 ikaenea hadi kila steshenari. Barua hutolewa kopi, kopi nayo ikatolewa kopi. Tona ikififia, mistari myembamba hukatika na e husomeka c. Kwa hiyo chapa upya kutoka kwenye faili, wala usishuke chini ya ukubwa wa 12.

Kiswahili nacho kina maneno marefu: yatakayoshughulikiwa lina herufi 20. Herufi zilizobanwa husaidia, lakini ukinyoosha pande zote mbili, neno lisiloenea hushuka lote na kuacha mapengo mstari wa juu. Nyoosha kushoto tu.

Faida nyingine iko kwenye majedwali. Tarakimu za Times New Roman zina upana sawa, hivyo orodha ya kilo za pamba ikipangwa kulia, mamia hukaa chini ya mamia.

Kwa kibao cha barabarani, iache. Mistari myembamba hupotea kwa mbali. Huko tumia Arial, tena kwa herufi kubwa tupu: kwenye LAGANGABILILI, I na L hazichanganyiki.