Nasaba ya Kislovaki: Kuipima Kabla ya Kuisadiki

Ukiletewa nasaba ya familia ya Waslovaki waliohamia Marekani, usihesabu vizazi. Tafuta kijiji. Karatasi inayosema tu kwamba babu "alizaliwa Austria-Hungaria" bado haijavuka bahari. Mpaka 1918 Slovakia ilikuwa ndani ya Ufalme wa Hungaria, na ubatizo, ndoa na mazishi viliandikwa parokia kwa parokia. Bila kijiji hujui kitabu cha kufungua.

Na kijiji hicho huenda kimeandikwa kwa namna tatu. Košice ni Kassa kwa Kihungaria, Prešov ni Eperjes, na karani wa bandari ya Bremen au Hamburg aliandika alivyosikia. Mtafiti hodari hukuonyesha alivyotoka kwenye tahajia iliyoharibika hadi akafika kijiji halisi, katika kaunti yake: Szepes, Sáros, Zemplén. Akiishia Kassa, muulize kama ni mjini hasa. Wengi walitaja mji mkubwa wa jirani, maana nani angekijua kijiji chao?

Kisha pima hati zenyewe: nani alisema, na lini. Cheti cha kifo mara nyingi kimejazwa kwa maneno ya mtoto aliyezaliwa Pennsylvania, asiyewahi kukiona kijiji cha baba yake. Orodha za abiria za kuanzia 1907 ni hazina, kwa kuwa ziliuliza mahali pa kuzaliwa na jina la ndugu wa karibu aliyebaki nyumbani. Hati za uraia za kabla ya Septemba 1906 mara nyingi zinaonyesha tu mtu akimkana mfalme wake. Za baadaye zina tarehe na mahali pa kuzaliwa, hata meli.

Wababaishaji hujifichua. Anayedai amepata kijiji kwenye kadi ya kuandikishwa jeshini Marekani ya Septemba 1918 hajaisoma, kwani haikuuliza mahali pa kuzaliwa. Ile ya Juni 1917 ndiyo iliyouliza. Anayekusimulia kwamba maofisa wa kituo cha uhamiaji cha Ellis Island ndio waliobadili jina la ukoo anarudia hekaya tu: wao walihakiki orodha zilizokwisha kuandikwa ng'ambo. Na akiegemea sensa ya Marekani ya 1890, shtuka. Karibu yote ilipotea kufuatia moto wa Washington wa 1921.

Kazi inayonivutia zaidi ni ile ya ndani ya kitabu cha parokia. Hapo Ján huitwa Joannes kwa Kilatini na János kwa Kihungaria, nao akina Ján wa jina moja la ukoo wanaweza kujaa kijiji kizima. Wa kwako ni yupi? Mjuzi hutumia namba ya nyumba, jina la mama kabla ya kuolewa, na wasimamizi wa ubatizo, ambao mara nyingi hujirudia kwa watoto wa wazazi walewale. Kwa waliozaliwa tangu Oktoba 1895, serikali ilipoanza usajili wake, hulinganisha pia na daftari la usajili huo.

Halafu hufungua kitabu cha mazishi, hatua ambayo wavivu huiruka. Watoto wengi walikufa wachanga, na mdogo aliyefuata akapewa jina la marehemu. Ján aliyebatizwa 1881 huenda alizikwa mwaka uleule, na aliyepanda meli akawa mdogo wake wa 1883. Kama mazishi hayakukaguliwa, mrudishie mwenyewe nasaba yake.