Malaika wa Mwaloni wa Blythburgh

Kanisa la Utatu Mtakatifu la Blythburgh, katika kaunti ya Suffolk mashariki mwa Uingereza, limesimama kwenye mwinuko kando ya mto Blyth, mahali ambapo maji ya bahari hupwa na kujaa katikati ya matope na matete, na ukubwa wake haulingani hata kidogo na kijiji kinacholizunguka. Wengi wamezoea kuliita kanisa kuu la vinamasini, ingawa halijapata kuwa kiti cha askofu. Ni kanisa la parokia tu, yaani la wakazi wa eneo moja dogo chini ya kasisi wao. Mwaka 1412 watawa wa Mtakatifu Augustino waliokuwa na makao yao hapo walipewa idhini na Mfalme Henry IV ya kulijenga upya kanisa, na kazi ikaendelea katika karne hiyo ya 15, kwa mali ya watu waliotaka kuombewa baada ya kufa. Mengine yanaweza kuachiwa wenye kupekua hati, kwa maana kilicho bora kuliko vyote katika jengo hilo kiko juu ya vichwa vya wanaoingia.

Paa la ukumbi wa waumini limeundwa kwa mwaloni, mti mgumu wa Ulaya ambao maseremala wa zama hizo waliuchonga ukiwa bado mbichi, kwa kuwa ukishakauka hushindana na patasi. Kiunzi kilipangwa kwanza chini. Ulimi ukakatwa kwenye boriti moja na tundu kwenye nyingine, viungo vikakazwa kwa vigingi vya mbao, na kila kiungo kikatiwa alama ili boriti zikipandishwa juu zisipoteane. Mbao ilipokauka taratibu ilisinyaa na kukibana kigingi, hivyo kwamba uzee wenyewe uliongeza nguvu ya kazi. Fundi aliyejua namna hiyo ya kuuacha mti umsaidie hakuhitaji kuficha kosa kwa rangi wala kwa gundi, kama inavyofanywa siku hizi kwa milango ambayo haimalizi misimu miwili ya mvua.

Katikati ya boriti zinazokatiza ukumbi wamewekwa malaika wawili wawili, mgongo kwa mgongo, mmoja akielekea madhabahu na mwenzake akielekea mnara, mabawa yakiwa yamekunjuliwa pande zote mbili. Kila bawa lilichongwa peke yake, manyoya yakatenganishwa moja moja kwa patasi, kisha likaunganishwa na kiwiliwili. Ukiacha mwanga wa madirisha 18 ya juu yaliyopangwa kila upande, hakuna kinachomsaidia mtu aliye sakafuni kuona manyoya hayo, na mchongaji alilijua hilo. Hata hivyo hakulipua kazi. Nyekundu na kijani zilizopakwa kwenye mbao bado zinaonekana, zimefifia lakini hazijafunikwa na rangi mpya, pamoja na maua na herufi za kifupisho cha jina la Yesu. Aliyezipaka hakuacha jina.

Ufundi wenye ucheshi na uchaji uko chini pia, kwenye ncha za mabenchi, ambako dhambi kuu zimepewa sura za watu: Uvivu ameketi kitandani, Ulafi amelishika tumbo lake, Uchoyo amelikalia sanduku lake.

Simulizi za uharibifu wa kanisa hili hupenda maadui wakubwa. Tarehe 4 Agosti 1577, watu wakiwa ibadani, dhoruba iliangusha kilele cha mnara kikapenya paa na kuua mwanamume mmoja na mvulana, na alama za kuungua zilizo kwenye mlango wa kaskazini zikahesabiwa kuwa makucha ya mbwa mweusi wa shetani. Mwaka 1644 alifika William Dowsing, aliyetumwa kuondoa sanamu na picha makanisani wakati wa vita vya Bunge na Mfalme, na kwa muda mrefu iliaminika kwamba watu wake ndio waliowapiga malaika risasi. Lakini hesabu za wazee wa kanisa zinaonyesha kwamba katika karne ya 18 walilipwa watu wa kuwapiga bunduki kunguru waliojenga viota darini, na vipande vya risasi vilivyokutwa kwenye mbao ni vya bunduki za aina hiyo. Kwa hiyo waliowatoboa malaika walikuwa watunzaji wao.

Uzembe wa watunzaji hao uliendelea hadi mwaka 1881, askofu alipolifunga kanisa kwa kuwa lilikuwa hatari kuingiwa. Chama cha kuhifadhi majengo ya kale, kilichoanzishwa na mshairi na mbunifu William Morris mwaka 1877, kilibishana na waliotaka kulifanya jipya, kikishikilia kwamba jengo la kale hukarabatiwa, halibuniwi upya. Na ni heri mabishano hayo yalitokea, maana makanisa mengi ya Uingereza yalikwanguliwa katika karne hiyo hadi yakapoteza uso.

Kuta nazo zinadai ufundi ambao umebaki kwa wachache. Zimejengwa kwa gumegume, jiwe jeusi linalong'aa kama kioo, ambalo mafundi wa Suffolk walilipasua kwa nyundo hadi likatoa uso laini, wakalipachika ndani ya michoro ya jiwe jeupe lililochongwa. Katika mji wa Brandon, kaunti hiyohiyo, wapasuaji walitengeneza pia mawe ya bunduki za gumegume, yakauzwa hadi Afrika; bunduki hizo zilipopitwa na wakati, ujuzi wa mikono ukapungua pamoja nazo. Matokeo yake yanaonekana kwenye kuta za makanisa mengi ya eneo hilo, ambako chokaa iliyouruhusu ukuta kupumua imezibwa kwa saruji na watu wenye haraka. Maji hunaswa nyuma ya saruji hiyo, na baridi kali ikiyagandisha, hupasuka jiwe, si kiraka.