Ilizimika au Uliizima?

Pikipiki ambayo ukibonyeza stata haitikisiki kabisa haina siri nyingi. Betri imekwisha, fyuzi imeungua au waya umeachia, na fundi mwenye taa ya kupimia umeme atafika penye tatizo upesi. Inayompima fundi ni ile nyingine: stata inalia, pistoni inapanda na kushuka, ukipiga kiki unausikia ubishi wake mguuni, na bado haiwaki. Kwa macho kila kitu ni kizima. Kasoro imejificha katikati ya vitu vinavyofanya kazi, na mwenye pupa anaweza kubadilisha nusu ya pikipiki kabla hajaifikia.

Nataka kuusifu ufundi wa kuisaka kasoro hiyo, na hasa ile sehemu yake ambayo wateja hawaioni, yaani muda ambao fundi bado hajagusa kitu. Nimekaa sana kwenye vijiwe vya mafundi wa bodaboda, Tanga na Dar es Salaam, na nimeamini kwamba fundi wa kweli na fundi wa kubahatisha huachana njia kabla spana haijatoka kwenye boksi. Wa kubahatisha huanza kwa kutaja spea: "Hiyo sidiai hiyo, kanunue nyingine," yaani CDI, kile kisanduku kinachoamrisha cheche. Wa kweli huanza kwa kuuliza.

Ngamiani, Tanga, yuko fundi mtu mzima mwenye swali lake la kufungulia kazi. Kijana anafika akisukuma Boxer, shati limelowa jasho.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Ilizimika au uliizima?"

Wengi hawaelewi mara ya kwanza, naye hufafanua bila kuchoka: ilikufia njiani ukiwa juu yake, au uliizima mwenyewe, ukaenda zako, uliporudi ikakugomea? Kama ilikufia, ilikufa ghafla au iliagaaga? Iliyokufa ghafla, bila kukohoa, aghalabu imekatika umeme. Iliyoanza kupwaya, ikakosa nguvu kwenye mwinuko, ikashtukashtuka ndipo ikanyamaza, huyo ni mtu wa mafuta. Uliyoilaza jana ikiwa nzima na leo asubuhi haitaki, waulize mvua ya usiku, koki na choki. Na ile ambayo kwa wiki nzima imekuwa ikitaka kiki nyingi zaidi kila kukicha, mpaka leo ikakataa moja kwa moja, hiyo inachakaa ndani. Majibu mawili matatu tu, na ile injini iliyokuwa na mahali chungu nzima pa kutazama imebaki na machache. Hakuna senti iliyotumika. Hata mikono yake bado ni misafi.

Anauliza na jambo la pili: mafuta uliweka lini, na wapi? Hilo nitalirudia.

Tangu Mjerumani Nikolaus Otto alipoitengeneza injini yake ya mapigo manne mwaka 1876, mahitaji ya injini ya petroli ni yaleyale. Inataka hewa na mafuta kwa kipimo chake, inataka mchanganyiko huo ubanwe sawasawa, na inataka cheche iruke kwa wakati unaostahili. Vikitimia hivyo, lazima iwake, haina hiari. Ndiyo maana naona utulivu wa fundi mzuri si hulka tu, ni elimu. Anajua kwamba mbele yake hakuna jini. Kuna kitu kimoja kati ya vichache hakikutimia, na kazi yake ni kuviondoa vingine kwenye tuhuma kimoja baada ya kingine, bila kuruka.

Kwa hiyo huanza na visivyogharimu. Kidole gumba kinakwenda kwenye swichi ya kuzimia iliyoko mkono wa kulia, kwa sababu kwenye pikipiki nyingi ukiisahau imezimwa stata itaendelea kuzungusha injini kama kawaida huku cheche ikiwa imekatwa. Mtoto ameichezea, au begi la abiria limeisukuma. Kisha anaangalia koki, anafungua tangi na kuchungulia mafuta kwa jicho, maana geji nyingi za mafuta zimekufa zamani. Anasikiliza stata inavyozungusha. Kwenye baadhi ya pikipiki betri iliyochoka inaweza kuzungusha injini kivivu na bado isibakize umeme wa kutosha kwa ajili ya cheche. Kijana aliyekutwa na kosa la swichi hachekwi pale kijiweni. Anaambiwa "nenda kazini," basi.

Zikipita hizo, inafuata plagi, na hapa nakuomba tukae kidogo.

Tazama anavyoifungua. Kabla ya spana, anachukua kitambaa na kufuta pembeni mwa plagi, kisha anapuliza. Mchanga wa barabara ya Pangani umejaa pale shingoni, na ukiing'oa plagi bila kusafisha, chembe zinadondoka ndani ya silinda kwenda kuikwangua. Analegeza kwa spana, nyuzi za mwisho anazimalizia kwa vidole. Anaiinua kwenye mwanga, anaigeuza, ananusa. Plagi imelowa petroli? Basi mafuta yanafika, hayachomwi, na macho yageukie umeme, au dereva amepiga kiki nyingi huku choki imefungwa mpaka injini ikanywa kupita kiasi. Plagi ni kavu kabisa baada ya kiki zote hizo? Mafuta hayafiki, na hakuna haja ya kuisingizia sidiai. Masizi makavu meusi ni mafuta mengi na hewa kidogo, pengine ekilina, yaani chujio la hewa, imeziba vumbi. Weusi wa kunata wenye oili ni habari mbaya kutoka kwenye ringi za pistoni. Weupe uliokauka ni mafuta haba. Kahawia hafifu ndiyo afya. Kipande cha chuma na kauri kinachotosha kiganjani kimetunza kumbukumbu ya kila kilichotokea ndani ya silinda, na anayejua kuisoma hahitaji kuibomoa injini ili kujua.

Halafu anairudisha plagi kwenye kofia yake, anaishika kwa mpira, na kuegemeza chuma chake kwenye bloku, mbali na tundu lake, kwa sababu tundu hilo hutema mvuke wa petroli na cheche haichagui cha kuwasha. Mwanafunzi wake anapiga kiki. Wanainama wote wawili, wamekinga kivuli kwa mikono. Cheche ya buluu yenye mlio mkavu ni njema, ya rangi ya chungwa inayoyumba ni dhaifu. Umeme unaoruka hapo ni maelfu ya volti, ukivuka pengo lisilofika hata milimita moja. Wazo hilo la kuzalisha umeme mkali kwa sumaku na kuurusha kwenye plagi lilikamilishwa mwaka 1902 na Gottlob Honold, mhandisi wa karakana ya Robert Bosch kule Ujerumani. Linafanya kazi leo chini ya mkungu Ngamiani, na mtu aliyelielewa vizuri yupo pale, na mikono yake ina grisi.

Ila fundi mzuri haridhiki upesi na cheche ya nje. Ndani ya silinda hewa imebanwa, na cheche hupata shida zaidi kuvuka hewa iliyobanwa kuliko hii tunayoivuta. Plagi inaweza kung'aa mbele ya macho yenu wote na ikazirai ikirudishwa kazini. Kwa hiyo boksini kwake kuna plagi moja anayoijua kuwa nzima, ya majaribio tu, haiuzwi. Anaifunga, wanajaribu. Ikiwaka, mteja akanunue plagi. Ikikataa, plagi ya zamani imeachiwa huru na inarudi mahali pake. Uaminifu wa aina hii ndio unaonifanya niandike. Angeweza kumuuzia kijana plagi mpya palepale, na kijana asingejua.

Kwenye mafuta, masikio hutangulia. Kuna pikipiki inayowaka vizuri, inatembea mwendo mfupi, inazimika, ukiiacha ipumzike inawaka tena. Fundi hafungui kabureta. Anazungusha ufunguo wa tangi, anainua kifuniko, na mnasikia hewa ikiingia kwa mluzi. Tundu dogo la kupumulia la kifuniko limeziba tope. Ni sawa na kopo la maziwa lililotobolewa tundu moja: maziwa yanatoka kidogo, kisha yanakwama, kwa sababu hakuna hewa inayochukua nafasi yake. Anasafisha tundu kwa waya mwembamba, kazi imekwisha.

Maji ni kesi nyingine, na masika Tanga inayo kila mwaka. Chini ya kabureta kuna kibakuli cha kuhifadhi mafuta chenye skrubu ya kumwagia. Analegeza na kukinga yanayotoka kwenye kizibo cha chupa. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo hukaa chini, na kwenye kizibo utayaona yamejikusanya matone ya mviringo yanayotembea chini ya mafuta bila kuchanganyika nayo. Tundu la jeti, linalopitisha mafuta, ni jembamba mno. Tone moja linatosha kuliziba. Na hapa ndipo linaporudi swali la mafuta uliweka wapi. Yaliyouzwa kwenye chupa kandokando ya barabara huenda yana maji, vumbi, au mafuta ya taa. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya Tanzania ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kuwanasa wachakachuaji, na mwaka uliofuata serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchanganya ipungue. Hatua nzuri. Lakini hakuna kipimo cha serikali kinachofika kwenye kila chupa ya kijijini, na huko anayebaki kulinda injini ni fundi anayeitambua harufu ya mafuta ya taa kwenye plagi.

Mbano nitausema kwa ufupi, kwa kuwa ukiwa ndio wenye tatizo, mwisho wake ni kufungua injini. Unang'oa plagi, unaziba tundu kwa kidole gumba, mwenzako anapiga kiki. Kidole kikisukumwa kwa nguvu hata kikashindwa kuzuia, mbano upo. Kikikaa kimetulia, kuna vavu isiyofunga au ringi zilizokwisha.

Kesi ninayoipenda kuliko zote ni ya pikipiki inayowaka asubuhi na kukataa ikishapata moto. Inaweza kuwa vavu zimebanwa mno: chuma kikipanuka kwa joto, vavu haifiki kwenye kiti chake, mbano unavuja. Inaweza vilevile kuwa koili inayochoka ikichemka na kupona ikipoa. Dalili ni moja, wahalifu ni wawili, na pikipiki iliyopoa haitamtaja yeyote kati yao. Hivyo fundi anamwambia kijana: "Zunguka nayo mpaka igome, uniletee ikiwa ya moto." Ikifika anapima cheche hapohapo, vidole vikiungua. Cheche ikiwepo, koili imesafishwa jina, anageukia vavu. Kuna subira na akili ndani ya agizo hilo ambayo sijaiona ikipewa heshima yake popote.

Mashine zenyewe zimewasaidia mafundi hawa. Honda ilipotoa CG125 mwaka 1976, iliacha muundo wa kamshafti ya juu inayozungushwa kwa cheni na kuchagua fimbo za kusukuma vavu, ili injini istahimili matunzo hafifu na itengenezwe kwa zana chache. Viwanda vya China viliiga sana muundo huo, na pikipiki nyingi za Kichina zilizoenea Afrika Mashariki ni wajukuu wake. Kenya ilipofuta kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki ndogo mwaka 2008, na Tanzania ilipotoa kanuni za pikipiki za abiria mwaka 2010, vyombo vilimiminika, na nyuma yake wakaja mafundi, wengi wao wakiwa wamejifunza kwa kushika taa usiku wakimmulikia aliyewatangulia.

Na wateja wao hawana pesa ya kupoteza. Madereva wengi huendesha pikipiki za watu. Wapo wanaopeleka hesabu kwa bosi kila jioni, wapo walio kwenye mkataba, wakihesabu wiki zilizobaki chombo kiwe chao. Sidiai iliyonunuliwa bure ni chakula cha nyumbani kilichotupwa, na haiwashi pikipiki. Fundi anayezuia mkono wake mpaka ajue analinda jambo kubwa kuliko injini.

Kinachoniudhi ni malipo. Tumezoea kulipia spea na jasho. Fundi akihangaika mchana kutwa na kurudisha mfuko wa vyuma vilivyobadilishwa, tunamlipa na kumshukuru. Akiuliza maswali yake, akainua kifuniko cha tangi, akasafisha tundu na kukukabidhi pikipiki inayonguruma kabla chai haijapoa, tunasema hajafanya kitu. Namna hii tunamlipa anayebahatisha na kumwadhibu anayejua, kisha tunashangaa vijana wanaojifunza kazi wanakimbilia kutaja sidiai.

Yule wa Ngamiani ameamua lake. Siku hizi kijana akishajibu swali la kwanza, anaambiwa bei kabla ya lolote: kuangalia ni elfu mbili, iwe imechukua dakika moja au saa mbili, na spea ni mbali. Mwanzoni walinung'unika. Sasa wanalipa, na wanaotoka Pongwe huyapita maduka ya spea njiani wakisukuma, wafike kwake kwanza.