Mstari Mmoja, Vizazi Viwili: Uhakiki wa Daftari la Ndoa la Namirembe

Daftari la ndoa la Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, Namirembe, Kampala, ni andiko linalostahili kusomwa kwa subira ile ile tunayoupa utenzi. Wanahistoria wa uchumi wametutangulia. Felix Meier zu Selhausen na Jacob Weisdorf wamechambua rekodi za ndoa zilizoandikwa humo tangu 1895 hadi 2011, wakapima jinsi elimu na kazi zilivyogawanyika baina ya wanaume na wanawake Wakristo wa Kampala. Kazi yao ni ya thamani, na nitaitegemea hapa. Lakini hesabu hulichukulia daftari kuwa ghala la habari, ilhali mhakiki hawezi kusahau kwamba ni utunzi: lina umbo, lina msimulizi, lina mahali linaponena na mahali linapojizuia kunena.

Umbo hilo lilitoka mbali. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa mfalme, aliamuru kila parokia ya Uingereza iandike ubatizo, ndoa na mazishi. Kwa karne tatu makasisi waliandika kila mtu kwa mtindo wake, sheria ikizidi kuwabana, mpaka tarehe 1 Julai 1837 ilipoanza kutumika fomu ambayo watu wa enzi ya Malkia Victoria waliijua vizuri: nambari, tarehe, jina na ubini, umri, hali ya ndoa, cheo au kazi, makazi, jina la baba, cheo au kazi ya baba. Katika parokia za mashambani, daftari la aina hii ndilo lilikuwa wasifu pekee wa watu wengi. Kibarua wa shamba ambaye hakuna aliyemwandikia hata barua alipata mstari wake siku ya kuoa. Wamisionari wa Kanisa la Uingereza walitoka katika ulimwengu huo. James Hannington, kabla ya kuwa askofu na kuuawa Busoga mwaka 1885, alikuwa kasisi wa Hurstpierpoint, kijiji cha Sussex. Namirembe ilipoanza kuorodhesha ndoa zake, ilifuata kanuni ya utunzi iliyokwisha kukomaa kwingine. Kanisa lililokamilika mwaka 1904 liliteketezwa na radi mwaka 1910, hili la sasa likawekwa wakfu mwaka 1919, na maandishi yakaendelea.

Tuanze na safumlalo. Ndani ya jedwali hakuna kitenzi: majina, umri na kazi vimepangwa bega kwa bega, na msimulizi, yaani kasisi, hatuelezi chochote kuhusu uhusiano wao. Ufundi wote wa fomu umo katika mpangilio huo, ambao nitauita usimulizi wa ujirani. Kazi ya mwana imewekwa kwenye mstari mmoja na kazi ya baba. Mwandishi wa riwaya angehitaji sura nzima kutuvusha kutoka kwa mzee anayelima hadi kwa kijana anayeshika kalamu ofisini. Daftari hulifanya jambo hilo kwa kuacha nafasi nyembamba kati ya visanduku viwili. Chukua mstari wa kubuni, lakini wa kawaida kabisa kwa miaka ya mwanzo ya ukoloni: bwana harusi, karani, baba yake, mkulima. Kilichotokea kati ya maneno hayo mawili ni shule ya misheni, Mkataba wa Buganda wa 1900 kati ya ufalme huo na Uingereza, ofisi za Waingereza zilizohitaji watu wa kuandika, pengine na ugomvi wa nyumbani kuhusu jembe lililoachwa. Hayo hayakuandikwa, lakini bila hayo mstari hausomeki. Meier zu Selhausen na wenzake wameonyesha kwamba uhamaji wa kijamii baina ya baba na wana katika rekodi hizi ulikuwa mkubwa, na kwamba ukoo wa machifu haukuwahakikishia watoto wao nafasi ya juu. Ninaloongeza ni kwamba ugunduzi huo ulikuwa umefichwa katika umbo tangu mwanzo. Aliyeamua kumweka baba kando ya mwana alitaka kumtambulisha mwana tu; bila kukusudia, alibuni chombo cha kupimia wakati.

Safuwima ya cheo au kazi ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi jinsi fomu inavyotikisika inapohamishwa. Mtunzi wa Kiingereza alidhani cheo ni kitu kimoja na makazi ni kingine. Mfumo wa Buganda haukuvitenga. Mukwenda ni mkuu wa saza, yaani jimbo, la Ssingo, Ssekiboobo wa Kyaggwe, Kangaawo wa Bulemeezi, Pookino wa Buddu. Jina la namna hiyo likiingia katika daftari, linajaza kwa neno moja visanduku vitatu: ni cheo, ni kazi, na ni mahali. Mtafiti anayelazimika kuligeuza kuwa tarakimu katika orodha ya kimataifa ya kazi huliweka pamoja na viongozi wengine, na kwa lengo lake hajakosea. Msomaji wa fani, hata hivyo, anaona hasara. Kilichopotea ni msongamano wa maana, ambao katika shairi tungeusifu.

Majina nayo yana fumbo lao, na hapa ndipo ninapolipenda daftari hili kuliko jamaa zake wa Sussex. Fomu inaomba jina na ubini, ikitarajia kwamba neno la mwisho la baba litarudi kwa mwana. Muganda hakupewa jina la baba yake. Alipewa jina kutoka katika hazina ya majina ya ukoo wake, na akibatizwa akaongezewa Yokaana au Samwiri. Hivyo safuwima ya mwana na ile ya baba, ambazo Uingereza zingekaririana kama vina, Namirembe mara nyingi hazilingani. Kwa jicho la mgeni, uzi wa nasaba umekatika. Kwa jicho la mwenyeji umeshonwa upya kwa ndani, maana majina mengi ni mali ya ukoo fulani, na anayeyajua huweza kutambua kama mtu ni wa Nsenene au wa Mmamba bila kuambiwa. Fomu haina kisanduku cha ukoo, ingawa hilo ndilo swali la kwanza katika ndoa ya Kiganda, kwa kuwa watu wa ukoo mmoja hawaoani. Jibu limeingia kwa kupitia jina. Naliona hili kuwa tendo la kiutunzi lisilo na mtunzi: utamaduni uliopuuzwa na umbo umelitumia umbo hilo hilo kujiandika.

Yako mengine ambayo hayakupata pa kupitia. Okwanjula, siku bwana harusi anapotambulishwa nyumbani kwa kina binti, na wazungumzaji wa pande mbili wanapotaja nasaba, haina alama yoyote. Ssenga, shangazi ambaye bila yeye hakuna linaloendelea, hayumo. Mama wa pande zote mbili hawamo pia, na ukimya huu una uzito wa pekee kwa sababu umeungwa mkono na mikono miwili: sheria ya Uingereza ilimtaka baba peke yake, na ukoo wa Kiganda huhesabiwa kwa baba. Uingereza yenyewe iliendelea hivyo hadi 2021, ndipo mama alipoingia katika rekodi za ndoa.

Chini ya jedwali sauti hubadilika ghafla. Katika fomu ya 1837, baada ya safuwima zote zisizo na kitenzi, kinakuja kitenzi kimoja: ndoa imefungwa. Pamoja nacho inakuja nafsi ya kwanza wingi, tena mara mbili, kwanza kwa wanandoa na kisha kwa mashahidi. Waliokuwa wakisimuliwa sasa wanasema, na ushahidi wa kusema kwao ni sahihi. Katika Uingereza ya miaka ya 1840 takriban theluthi moja ya mabwana harusi na karibu nusu ya mabibi harusi hawakuweza kuandika majina yao. Wakachora msalaba, na kasisi akaandika kando kwamba hiyo ni alama ya fulani. Nafsi ya kwanza iliahidiwa, kisha ikarudishwa kwa msimulizi. Namirembe mambo yaligeuka. Wakristo wa Buganda waliitwa abasomi, kwa kuwa kujifunza kusoma kulitangulia ubatizo, na hivyo mabwana harusi karibu wote walitia sahihi kwa mkono wao, tangu kizazi cha mwanzo. Umbo lililobuniwa kwa ajili ya vijiji vilivyojaa misalaba lilikamilika kama lilivyokusudiwa katika kilima cha Kampala, mikononi mwa watu ambao baba zao wengi hawakuwa wamewahi kushika kalamu.

Nasema mabwana harusi kwa makusudi. Sahihi za wanawake zilichelewa, na katika kisanduku cha kazi ya bibi harusi wa miaka ya mwanzo aghalabu hapana neno. Hapa takwimu na uhakiki vinahitajiana. Takwimu zinatuambia kwamba pengo la wanaume na wanawake lilipanuka wakati wa ukoloni, kisha likapungua. Uhakiki unauliza kisanduku kitupu kinamaanisha nini, na jibu si kwamba mwanamke hakufanya kazi. Migomba ya Buganda ililimwa na nani? Safuwima ilitambua kazi ya mshahara na ya cheo, na kilimo kilipata kuitwa kazi kilipokuwa cha mwanamume. Shule ya wasichana ilifunguliwa Gayaza mwaka 1905. Katika Hospitali ya Mengo, iliyoanzishwa na daktari mmisionari Albert Cook mwaka 1897, mkewe Katharine alikuja kufundisha wakunga. Ndipo maneno mwalimu, muuguzi na mkunga yalipoanza kupata nafasi upande wa bibi harusi, na kila moja ni la kusomwa likiwa kando ya kisanduku cha baba yake, kama tulivyomsoma karani. Kwa karani tulikuwa na maneno mawili na safari kati yao. Kwa mkunga tuna la tatu tunalolikosa, kazi ya mama yake, ambaye pengine ndiye aliyemtoa shambani na kumpeleka shule, na ambaye fomu haikumwachia hata mstari wa kutia alama.