Mghani wa Pala na Darasa Lake

Katika jimbo la Odisha, mashariki mwa India kwenye mwambao wa Ghuba ya Bengali, ipo sanaa ya kughani visa iitwayo pala, ambayo mhimili wake ni gayaka, yaani mghani mkuu, anayetakiwa kuwa mwimbaji, msimulizi na mfafanuzi wa mashairi kwa wakati uleule. Uzuri wa sauti yake umesifiwa sana, lakini sifa iliyo kubwa zaidi ni ualimu wake, kwa sababu yeye ndiye aliyewafikishia wanakijiji wasiojua kusoma mashairi magumu kuliko yote ya lugha yao ya Kiodia, tena bila kuyapunguzia ugumu.

Pala imefungamana na ibada ya Satyapir, ambamo Satyanarayan, mojawapo ya majina ya mungu Vishnu wa Wahindu, ameunganishwa na pir, yaani sheikh wa Kiislamu anayeheshimiwa kama walii. Waumini huandaa sirini, mchanganyiko wa unga, maziwa, ndizi na sukari, ambao hutolewa kwanza kuwa sadaka kisha hugawiwa waliohudhuria. Sanaa iliyolelewa pale ambapo Mhindu na Mwislamu huelekeza dua zao kwa mmoja inastahili heshima hata kabla ngoma haijalia.

Kundi la pala huwa na watu watano au sita. Gayaka husimama mbele akiwa na mavazi ya fahari na vito, mkononi ameshika chamara, aina ya mgwisho wa nywele nyeupe ndefu, huku nyuma yake akiwapo mpigaji wa mrudanga, ngoma yenye nyuso mbili inayopigwa kwa viganja, pamoja na waitikiaji wenye matoazi waitwao palia. Mgwisho huo, ambao pia hupungwa mbele ya miungu na wafalme, mkononi mwa gayaka hugeuka kuwa chochote kinachohitajiwa na kisa: upinde, mkia wa farasi, au nywele za binti mfalme.

Ustadi wenyewe huonekana vizuri gayaka anapofikia ubeti wa Upendra Bhanja, malenga wa ukoo wa kifalme wa Ghumusar, ambaye katika Baidehisha Bilasa, utenzi wake wa kisa cha Rama na Sita, kila mstari huanza kwa herufi moja tu, ba. Tungo za Bhanja zimesheheni maneno yaliyounganishwa na yenye maana zaidi ya moja, kiasi kwamba msikilizaji asiyesaidiwa hupata mahadhi tu na kukosa maana. Gayaka huuimba ubeti hadi mwisho, hunyamazisha ngoma, kisha palia mmoja humuuliza maana kwa niaba ya umma wote. Gayaka huyatenganisha maneno moja baada ya jingine, hutoa maana ya kwanza, huipindua atoe ya pili, huleta ushahidi wa shairi la Kisanskriti, na hatimaye huuimba ubeti uleule upya. Safari hii mkulima aliyeketi chini huusikia kwa masikio mengine, kwa kuwa fumbo limefumbuliwa na utamu wa lugha umebaki palepale.

Swali la palia si pambo, maana hapo ndipo shule ya sanaa hii ilipo. Kijana anayetaka kuwa gayaka huanza kwa kushika matoazi nyuma ya guru, yaani mwalimu wake, akiitikia vibwagizo, akijifunza ni lini aulize na lini anyamaze, huku akihifadhi kwa moyo beti za Bhanja, visa vya Mahabharata ya Sarala Das ya karne ya 15 na Bhagabata ya Jagannath Das ya karne ya 16. Mtihani wake mkubwa ni badi pala, mashindano ambamo makundi mawili hutegeana mafumbo ya fasihi na ya dini, na mghani aliyekwama hukwama mbele ya macho ya watu.

Ndugu wa pala ni daskathia, inayohusishwa hasa na wilaya ya Ganjam, ambayo hutosheka na watu wawili, gayaka na palia wake, kila mmoja akigonganisha vipande vya mbao mkononi. Hata katika uchache huo muulizaji hakuondolewa.

Odisha ilipoundwa mwaka 1936 kuwa jimbo la wasemaji wa Kiodia, baada ya miongo mingi ya kuitetea lugha hiyo, watetezi waliokumbukwa zaidi walikuwa waandishi na wanasiasa. Waghani walistahili kutajwa pamoja nao, kwani fasihi iliyotajwa kuwa hoja ya utetezi huo ilikuwa hai vinywani mwao.

Leo pala husikika redioni, hurekodiwa na kusambazwa kwa simu, na hilo ni jambo jema. Hata hivyo, muda ukibanwa, kinachokatwa kwanza ni maelezo, nao wimbo hubaki peke yake. Rekodi huhifadhi sauti ya gayaka na majibu aliyokwisha kuyatoa, lakini haiwezi kumpa mwanafunzi zamu ya kuuliza. Kwa hiyo uhai wa sanaa hii unategemea vijana watakaokubali kusimama nyuma ya guru miaka kadhaa wakiwa na matoazi mkononi, na vijiji vitakavyoendelea kuwalipa watu watano au sita kwa usiku mzima badala ya kukodi spika.