Kumpima Mkata Umeme

Mkata umeme ni kiungo mkabaji, namba sita anayecheza mbele ya mabeki wa kati na kuvunja mashambulizi kabla hayajawafikia. Kwa kuwa kazi yake haihesabiwi kwa mabao, watazamaji wengi, iwe kando ya uwanja Ikwiriri au kwenye kibanda umiza siku ya Simba na Yanga, humpima kwa kishindo: buti lililogonga buti, vumbi, mtu chini. Hicho ni kipimo kibovu.

Cha kutazama kwanza ni shingo. Mkabaji hodari hugeuza kichwa mara mbili tatu kabla mpinzani hajapiga pasi, ajue nani yuko nyuma yake. Halafu miguu. Huenda kwa hatua fupi fupi, mwili umekaa upande, akimsukumia mshambuliaji kwenye mguu wake dhaifu. Hauvamii mpira, huusubiri uachane kidogo na mguu wa mwenyewe, na hapo ndipo huuchomoa. Anayelala chini kila mara kwa kawaida amechelewa kufika. Kwenye viwanja vya udongo vya Rufiji na Kibiti kasoro hiyo haifichiki: kiangazi ardhi huchuna paja, na wakati wa masika mpira hukwama kwenye tope, yule aliyekwisha kujitupa akaupita na kumwachia mpinzani njia nyeupe.

Mpira ukishapatikana, itazamwe pasi inayofuata. Wengi hupokonya vizuri kisha hupiga buti kokote. Claude Makélélé, kiungo mkabaji mzaliwa wa Kinshasa, alikuwa mfupi, lakini kila alichonyang'anya alikikabidhi kwa mwenzake aliye huru. Real Madrid ilimwacha aende Chelsea mwaka 2003, na haikutwaa tena ubingwa wa Hispania hadi 2007.

Ukali una nafasi yake, na mkabaji mpole kupita kiasi hafai. Katika hoki ya barafu ya NHL, anayepigana ngumi hukaa nje dakika 5 kisha hurudi mchezoni. Kwenye soka ukali uliopitiliza hugharimu zaidi: kadi nyekundu huiacha timu na watu 10 hadi filimbi ya mwisho. Victor Wanyama wa Kenya, mwenye nguvu adimu za mwili, alipata kadi nyekundu 3 akiwa Southampton msimu wa 2015/16. Mkabaji aliyekomaa hucheza faulo yake mbali na lango, na akishaonyeshwa njano bado hukaba, ila kwa kuziba njia.

Hodari wa kweli hudumu. Anayetegemea mbio na ubavu hufifia mapema, magoti yakianza kulalamika. Anayesoma mchezo huendelea kutafutwa. Jonas Mkude aliitumikia Simba kwa zaidi ya miaka 10, na mwaka 2023 Yanga, watani wa jadi, wakamsajili.